Melatonini, panya wa maabara na mgonjwa wa kiharusi wa Upareni

Kuna kidonge ambacho familia za wagonjwa wa kiharusi zimeanza kukiulizia: melatonini. Mara nyingi hutumwa na ndugu aliye Marekani, ambako tangu sheria ya 1994 huuzwa dukani pamoja na vitamini, bila cheti cha daktari. Uingereza kidonge hichohicho hakitoki bila daktari kukiandika. Aliyekituma amesoma mahali kwamba melatonini hulinda ubongo baada ya kiharusi, na hakusoma uongo. Amesoma nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayomhusu mtu aliyelala kitandani Suji au Mbaga, milimani Upare wilayani Same, mkono umelegea, mdomo umepinda, na watu wa nyumbani wanashauriana kama waondoke naye sasa au wangoje kukuche.

Melatonini si kitu kigeni mwilini. Kila mmoja wetu huitengeneza usiku katika tezi ya pineali, isiyofika sentimita 1 kwa urefu, iliyojificha katikati ya ubongo. Giza likiingia, macho hupeleka habari kwenye kitovu cha ubongo kinachopanga mchana na usiku, nacho huiruhusu tezi ifanye kazi. Homoni hiyo huongezeka kwenye damu hadi usiku wa manane, kisha hupungua kabla ya mapambazuko. Aliyeitambua mara ya kwanza, mwaka 1958, ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa daktari wa ngozi. Alikuwa akitafuta kitu kinachofifisha rangi ya ngozi ya vyura, akitumaini kwamba kingewasaidia wagonjwa wake wenye mabaka meupe. Wazo la kwamba kitu hicho kinaweza kuokoa ubongo lilikuja miaka zaidi ya 30 baadaye.

Ili kuelewa lilikotoka wazo hilo, tazama kinachotokea bonge la damu linapoziba mshipa wa ubongo. Sehemu iliyo katikati ya eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache. Pembeni yake hubaki ukanda unaopata damu kidogo ya mishipa jirani: seli zake zimenyamaza lakini hazijafa. Vita vyote vya tiba ya kiharusi ni vya kuugombania ukanda huo. Seli zilizoishiwa nguvu humwaga kemikali iitwayo glutameti kupita kiasi, kalsiamu huvamia ndani ya seli jirani, mitokondria huharibika, na hapo huzaliwa radikali huru, chembe zenye ukali wa kemikali zinazotoboa kuta za seli. Kisha hufuata uvimbe. Mwaka 2006 Jeffrey Saver wa Los Angeles alikadiria kuwa mshipa mkubwa ukiziba bila tiba, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Melatonini inaonekana kufaa kila hatua ya mlolongo huo. Mwaka 1993 kundi la Russel Reiter huko Texas lilionyesha kuwa inanasa radikali huru kwa nguvu. Hupita bila kizuizi kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo, jambo ambalo dawa nyingi haziwezi. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kuwa panya walioondolewa tezi ya pineali waliumia ubongo zaidi walipozibwa mshipa kuliko panya wenye tezi. Na mwaka 2005 Malcolm Macleod wa Scotland na wenzake walikusanya majaribio 13 yenye wanyama 432 na kukuta kwamba melatonini ilipunguza madhara ya kiharusi kwa takriban 43%. Ni kiwango kikubwa sana. Daktari yeyote aliyewahi kumtazama mgonjwa akipoteza usemi mbele yake anaelewa kwa nini namba hiyo inasisimua.

Lakini panya wamewahi kutuahidi mengi. Mwaka 2006, Victoria O'Collins wa Australia na wenzake walihesabu tiba 1,026 zilizojaribiwa dhidi ya kiharusi katika maabara. Ni 114 tu zilizofika kwa binadamu, na katika zile zilizokusudiwa kuzilinda seli za ubongo zenyewe hakuna iliyothibitika na kuwa tiba ya kawaida kote duniani. Mfano unaouma zaidi ni NXY-059, dawa ya kunasa radikali huru, kazi ileile inayosifiwa kwa melatonini. Jaribio la kwanza kubwa, lililochapishwa mwaka 2006, lilitoa matumaini. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, lilichapishwa mwaka uliofuata: dawa haikusaidia kitu.

Sababu hazikosekani. Panya wa maabara ni kijana, mzima, hana presha wala kisukari, na mshipa wake huzibwa kwa saa inayojulikana. Dawa huingizwa kabla, au dakika chache baada ya hapo. Bibi wa Vudee ana miaka 70, presha imekuwa ikimla mishipa kwa miaka 15, na hakuna ajuaye kiharusi kilianza saa ngapi kwa sababu alikutwa hivyo asubuhi.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote inapohusu homoni ya usiku. Panya hulala mchana na kuhangaika usiku, na wanasayansi hufanya kazi mchana, kwa hiyo viharusi vya maabara hutokea mnyama akiwa kwenye saa zake za kupumzika. Binadamu wengi hupatwa wakiwa wameamka, hasa asubuhi. Mwaka 2020 kundi la Eng Lo huko Boston liliandika katika jarida la Nature kwamba tiba 3 zilizowalinda panya waliozibwa mishipa katika saa zao za kupumzika hazikuwalinda walipozibwa mishipa wakiwa katika saa za shughuli. Melatonini haikuwamo katika tiba hizo. Hata hivyo, homoni ambayo kazi yake yenyewe ni kuutangazia mwili usiku haiwezi kukwepa swali hilo.

Halafu kuna kipimo. Panya hupewa miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito. Hata ukirekebisha kwa kuwa mwili wa panya huchoma dawa upesi kuliko wetu, mtu wa kilo 60 angehitaji takriban miligramu 50 hadi 100. Vidonge vinavyotumwa huwa vya miligramu 3 au 5. Vilevile huwezi kuamini kilichoandikwa kwenye chupa: watafiti wa Canada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017, nyingine zilikuwa na melatonini pungufu kwa zaidi ya 80% na nyingine ilizidi karibu mara 5 juu ya kiwango kilichoandikwa.

Kwa binadamu, majaribio yaliyopo ni madogo. Watafiti wa Iran waliwapa melatonini ya miligramu 30 kila usiku baadhi ya wagonjwa 40 waliovuja damu kwenye ubongo na waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na waliopewa wakatoka kwenye mashine mapema zaidi. Ni habari njema kwa chumba cha wagonjwa mahututi. Haitoshi kumwambia mtu wa Kihurio kwamba mkono wa mama yake utarudi.

Na kuna hatari moja ambayo mara nyingi haitajwi kwenye chupa. Mwaka 2000 madaktari wa Italia waliwapa melatonini ya miligramu 5 wagonjwa 47 wa presha waliokuwa wametulia kwa dawa iitwayo nifedipini. Wengi walitarajia presha ishuke, kwa kuwa melatonini ikitumika peke yake huishusha kidogo usiku. Ilipanda, wastani wa pointi 6.5 kwa namba ya juu na karibu 5 kwa namba ya chini. Nifedipini imo katika nyumba nyingi za wazee wetu. Kidonge kilichotumwa kwa mapenzi kinaweza kupandisha kilekile kilichomwangusha mgonjwa.

Sasa tuje kwenye hali halisi ya mkoa wetu. Tanzania ina moja ya tafiti bora za kiharusi Afrika, na sehemu yake ya vijijini ilifanyika wilayani Hai, ndani ya mkoa huohuo wa Kilimanjaro ilimo Same. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, Richard Walker na wenzake, wakisaidiwa na wahojaji waliopita nyumba kwa nyumba, waliandikisha wagonjwa wapya 636 Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilichozidi cha nchi nyingi tajiri. Waliofuatiliwa Hai walitupa picha ya kinachofuata: karibu robo walifariki ndani ya siku 28, na ndani ya miaka 3 walikuwa wamefariki 6 kati ya kila 10. Wengi wao hawakuuawa na dakika zile za mwanzo ambazo melatonini inalenga. Walifariki katika miezi na miaka iliyofuata, wakati wa hatari ya nimonia, vidonda vya mgongoni na kiharusi cha pili.

Milima ya Upare huongeza ugumu wake. Mji wa Same uko tambarare kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, takriban kilomita 100. Chome, Mbaga, Vudee, Suji ziko juu, kwa barabara zenye kona kali ambazo masika huziharibu. Mgonjwa hushushwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe, upande mmoja wa mwili hauna nguvu ya kushika. Hufikishwa zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha kama fedha ipo hupelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Kila kituo kina kusubiri kwake.

Safari hiyo ndiyo huamua mengi, kwa sababu kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Mdomo hupinda vilevile, mkono hulegea vilevile. Ni picha ya ubongo ya CT-scan inayotofautisha. Dawa ya kuyeyusha bonge, iliyothibitika tangu 1995, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kumpa mtu ambaye mshipa wake umepasuka kunaweza kumuua. Hata aspirini, ambayo husaidia mshipa ukiwa umeziba, haitakiwi kutolewa kwa kubahatisha. Nasema bila kuficha: kwa barabara na vipimo tulivyo navyo leo, mtu anayeangukia Chome usiku hafiki kwenye dawa ya kuyeyusha bonge kwa wakati. Kwa hiyo swali la kulinda ubongo wake lazima lijibiwe kwa vitu vinavyoweza kumfikia.

Vitu hivyo vipo, na ushahidi wake ni wa binadamu. Mwaka 2011 Sandy Middleton, muuguzi wa Australia, alichapisha jaribio lililofanyika katika wodi 19 za kiharusi. Wauguzi walifundishwa mambo matatu: kushusha homa mapema, kudhibiti sukari ya damu, na kupima uwezo wa mgonjwa kumeza kabla hajapewa chochote mdomoni. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki wakitegemea watu walikuwa 42% katika wodi hizo, na 58% katika wodi za kawaida. Hakuna dawa ya kulinda ubongo iliyowahi kufikia tofauti hiyo kwa watu. Mwaka 2023 jaribio jingine, INTERACT3, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 wa kuvuja damu kwenye ubongo, wengi wao wa nchi za kipato cha chini na cha kati, lilionyesha kuwa kushusha presha mapema pamoja na kudhibiti sukari na homa hupunguza ulemavu na vifo. Kipimajoto, parasetamoli, mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu, kipimo cha presha: hivi vinaingia kwenye kabati la zahanati.

Kumeza kunastahili maneno zaidi, maana hapo ndipo upendo wa nyumbani huua. Mgonjwa anapofunua macho, jambo la kwanza ni chai ya maziwa au uji, kwa kuwa hajala tangu jana. Misuli ya koo ikiwa imepooza, uji huingia kwenye njia ya hewa. Wakati mwingine hakohoi hata kidogo, na ndugu hudhani uji umeshuka vizuri. Siku ya tatu homa inapanda, pumzi zinakuwa za haraka, na nimonia ndiyo hiyo. Kipimo chake ni rahisi kwa aliyefundishwa: mgonjwa awe ameamka, aketishwe wima, apewe maji kijiko kimoja cha chai baada ya kingine huku akitazamwa kama anakohoa au sauti inageuka ya majimaji. Kabla ya hapo asipewe chai, asipewe maji, asipewe vidonge. Ndiyo maana kidonge cha melatonini kinachotiwa mdomoni usiku wa kwanza, kwa nia ya kuuokoa ubongo, kinaweza kuanzisha ugonjwa wa mapafu utakaomwondoa mgonjwa.

Jambo la pili la kuacha ni nifedipini chini ya ulimi. Bado iko mikononi mwa watu wengi, wakiwemo wahudumu, kwa sababu namba za presha siku ya kiharusi hutisha. Lakini mshipa ukiwa umeziba, presha ile ya juu ndiyo inayosukuma damu kidogo kwenye ule ukanda wa seli zilizonyamaza. Ukiiangusha ghafla umeuua. Kushusha presha kwa nguvu kunawafaa waliovuja damu, wakishathibitishwa, kwa dawa inayoweza kudhibitiwa.

Yote haya hayana maana mgonjwa asipofika. Nchi hii imeshaonyesha inajua kuwafikisha watu. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga na kupanuliwa kitaifa kuanzia 2022, huwezesha simu ya bure ya 115 kumtafutia mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyesajiliwa pale gari lisipokuwepo, naye hulipwa kwa simu. Madereva hao wanajua kila kona ya milima yao. Sioni kwa nini mzee aliyepinda mdomo asibebwe na gari hilohilo, kwa fungu lake lenyewe la fedha ili kina mama wasipunguziwe. Kama ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja kwa halmashauri ya Same, ningeomba hilo kabla ya mashine yoyote.

Na kabla ya gari, presha. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta 26% ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Hai, kwa wenye miaka 70 na kuendelea, walikuwa karibu 7 kati ya 10, wengi wao hawakuwahi kuambiwa, na waliodhibitiwa kwa dawa walikuwa wachache mno. Wazee hunywa dawa kichwa kikiuma, wakiacha kikipoa. Presha haiumi. Aliyekwisha kuanguka mara moja na akaacha dawa kwa sababu sasa anajisikia nafuu ndiye aliye karibu zaidi na kiharusi cha pili. Upareni lazima tuseme pia kuhusu mirungi. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya imekuwa ikipanda Same kufyeka mashamba yake, na mabishano yamebaki kwenye kipato na sheria. Kitabibu, kathinoni iliyo kwenye majani yale hufanya kazi kama amfetamini: moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda, usingizi hukimbia. Mtafunaji wa miaka 40 mwenye presha asiyoijua anajiongezea hatari kila jioni.

Usingizi wenyewe nauthamini, na hapa melatonini inatufundisha kitu kinachotumika leo. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hugeuza usiku kuwa mchana: anasinzia asubuhi na kuweweseka usiku. Wodi nyingi zina taa inayowaka hadi alfajiri, nayo huizuia tezi yake mwenyewe isitoe homoni. Muuguzi anaweza kuzima taa ya juu na kubaki na taa ndogo ya kumwangalizia mgonjwa, akapanga kupima presha na kumgeuza kwa pamoja badala ya kumwamsha kila mara. Asubuhi asogezwe dirishani, au nyumbani atolewe barazani apate mwanga. Sidai kwamba hili hupunguza ukubwa wa jeraha la ubongo. Linampa usingizi, na aliyelala huweza kufanya mazoezi ya kusimama kesho yake.

Pamoja na hayo yote, sitaki melatonini itupwe. Nikiangalia ramani ya Same naona kwa nini inastahili jaribio la kweli kuliko dawa nyingi za kifahari. Ni nafuu. Haihitaji jokofu. Na kama itathibitika kuwa haimdhuru aliyeziba wala aliyevuja, itaweza kutolewa zahanati ya Mbaga kabla ya CT-scan, kwa sindano au mpira wa kulishia kwa asiyeweza kumeza, mgonjwa akiwa bado anasubiri gari. Hakuna dawa ya kiharusi tuliyo nayo yenye sifa hizo zote. Tatizo ni kwamba molekyuli iliyojulikana tangu 1958 haina mwenye hataza, na kampuni haitamwaga mamilioni kwa kitu ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza. Fedha lazima zitoke kwa umma: serikali, vyuo vikuu, mifuko ya utafiti.

Jaribio ambalo lingenibadilisha mawazo lingekuwa na maelfu ya wagonjwa, wa Afrika wakiwemo kwa wingi, walioziba na waliovuja wakihesabiwa mbalimbali, dawa ikianza ndani ya saa za mwanzo, saa ya kiharusi ikiandikwa, wanaotumia nifedipini wakifuatiliwa kwa karibu. Matokeo yangepimwa siku ya 90 kwa mambo yanayojulikana kila nyumba: je, anatembea, anajilisha, anaongea na kueleweka. Hai ilishaonyesha kwamba wahojaji wanaweza kumfikia kila mgonjwa kijijini kwake, na KCMC ina CT-scan. Hadi jaribio hilo lifanyike, aliyepewa kidonge cha Marekani akionyeshe kwa daktari wake pamoja na dawa zake zote za presha, na amlodipini au nifedipini aliyoandikiwa asiiache hata siku moja kwa ajili ya kidonge hicho.